Shule Inayomwachia Mtoto Nafasi: Baba na Mama, Mtaamuaje?



Mume na mke waliofunga ndoa Kanisani na wanaopendana wanaweza kukosana kwa mambo mengi: pesa, pombe, jamaa wa upande huu au ule. Siku hizi limeongezeka jambo ambalo wazazi wetu hawakulijua sana, nalo ni kuchagua shule ya mtoto. Zamani mtoto alipelekwa shule iliyokuwa karibu na nyumbani, ya misheni au ya serikali, na mjadala ukaishia hapo. Leo mzazi anakuta malango mengi, na kila lango lina bango lake. Miongoni mwao zipo shule zinazosema kwamba mtoto mwenyewe ndiye anayeongoza masomo yake. Anachagua kazi, anaifanya kwa mwendo wake, hachapwi kiboko, wala hapangwi wa kwanza hadi wa arobaini.

Mama akisikia habari hizo anafurahi. Baba akisikia anauliza, "Kwa hivyo nilipe karo mtoto aende kucheza?" Hapo maneno yanaanza. Mama anasema baba hajali watoto. Baba anasema mama anafuata mitindo ya matajiri. Wiki mbili zinapita bila kusemezana vizuri, na mtoto wa miaka 5 amelala chumba cha pili akisikia jina lake likitajwa kwa hasira.

Katika somo hili tutaangalia kwanza shule hizi ni za namna gani. Kisha tutaona Kanisa na sheria ya nchi zinasema nini, hofu ya kila mmoja wenu inatoka wapi, na namna ya kuichunguza shule na kuhesabu gharama yake. Mwisho tutaona jinsi ya kuafikiana bila kuijeruhi ndoa yenu.

1. SHULE HIZI NI ZA NAMNA GANI?

Watu wengi huchanganya mambo matatu yaliyo tofauti. Kabla hamjabishana, hakikisheni kwamba mnazungumzia kitu kimoja.

Ya kwanza ni njia ya Montessori. Maria Montessori alikuwa Mkatoliki wa Italia aliyezaliwa mwaka 1870 na kusomea udaktari mjini Roma. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa San Lorenzo, mtaa wa maskini huko Roma. Kwa hiyo anayesema kwamba njia hii iliundwa kwa ajili ya watoto wa matajiri hajui ilikotoka. Hata hapa kwetu, karibu na Nakuru, shule za namna hii zilianzishwa kwa ajili ya familia zilizofukuzwa makwao na vurugu za 2007 na 2008.

Katika darasa la Montessori lililo la kweli, watoto wa miaka 3 hadi 6 hukaa pamoja, na wakubwa huwasaidia wadogo. Vifaa viko kwenye rafu za kimo cha mtoto. Kuna mnara wa michemraba 10, mdogo kabisa una upana wa sentimita 1 na mkubwa sentimita 10. Akikosea kuupanga, mtoto anaona mwenyewe kwamba haukukaa sawa. Hangoji mwalimu amwambie. Kuna herufi zilizokatwa kwa msasa ambazo mtoto huzifuata kwa kidole kabla ya kushika kalamu, na shanga za kuhesabia moja, kumi, mia na elfu. Mtoto anachagua, lakini anachagua kati ya kazi ambazo mwalimu amekwisha kumwonyesha. Akimaliza anarudisha kifaa mahali pake. Akikuta mwenzake anakitumia, anangoja zamu yake. Hapo uhuru una mipaka yake, na mipaka hiyo ni ya kila siku.

Ya pili ni shule ambazo mtoto ana uhuru hata wa kutoingia darasani. Shule ya Summerhill, iliyoanzishwa na A. S. Neill mwaka 1921 na ambayo sasa iko Uingereza, ni mfano unaojulikana. Nyingine ni Sudbury Valley ya Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1968. Huko wanafunzi na walimu hukutana na kupiga kura juu ya kanuni za shule, na kura ya mtoto ni sawa na ya mwalimu. Hizi si sawa na Montessori. Mzazi anayesoma habari za moja na kudhani ni habari za nyingine atashangaa baadaye.

Ya tatu ni mtaala wetu wa umilisi, ambao mwaka 2019 ulianza kutekelezwa nchini kote kuchukua nafasi ya mfumo wa 8-4-4 uliokuwapo tangu 1985. Nao unasema kwamba mtoto ajifunze kwa kutenda, na vipawa vyake vitambuliwe. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023. Kwa hiyo ninyi wazazi mliosoma 8-4-4, msidhani kwamba shule ya serikali ya leo ni ile mliyoiacha. Huenda mnachokitafuta mbali kwa karo kubwa kiko kwa sehemu katika shule ya jirani, kama mwalimu wake ni mwalimu mwema na darasa lake halijafurika.

2. KANISA NA SHERIA ZINASEMA NINI?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya elimu ya Kikristo, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao, na kwamba wawe na uhuru wa kweli katika kuchagua shule. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alirudia fundisho hilo mwaka 1981 katika waraka wake juu ya familia. Angalieni kwamba fundisho hili halisemi "baba" peke yake wala "mama" peke yake. Linasema wazazi. Mume anayeamua peke yake kwa sababu ndiye anayelipa, na mke anayeamua peke yake kwa sababu ndiye anayejua madaftari ya mtoto, wote wawili wanachukua nusu ambayo si yao.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika sura ya 7 ya waraka wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, aliwaeleza wazazi kwamba hawawezi kulinda kila hatua ya mtoto. Kazi yao ni kumsaidia akue katika uhuru, huku akijifunza kuwajibika na kujitawala. Na miaka mingi kabla yake, Mtakatifu Yohane Bosko aliwalea vijana wa mitaani huko Torino kwa njia tatu: kutumia akili, dini na upole. Mkatoliki asidhani, basi, kwamba kumheshimu mtoto ni jambo la kigeni katika imani yetu. Lakini pia asidhani kwamba uhuru maana yake ni kufanya upendavyo. Katika imani yetu, mtu huru ni yule anayeweza kulichagua jema hata likiwa gumu.

Kwa upande wa sheria, Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya viboko shuleni, na inataka kila shule isajiliwe. Kwa hiyo baba asikatae shule fulani kwa sababu tu haichapi watoto. Hakuna shule hapa nchini, ya serikali wala ya binafsi, iliyo na ruhusa ya kuchapa.

3. HOFU MBILI, NA ZOTE NI HALALI

Tuchukue mfano. Baba ni fundi wa magari. Alifika alipo kwa sababu mwalimu alimbana, akapita mtihani, akaenda chuo cha ufundi. Mama anauza nguo sokoni. Kila jioni anamwona mtoto wao wa darasa la pili akilia juu ya daftari hadi saa tatu za usiku, na asubuhi mtoto analalamika tumbo linamuuma. Mama anasema, "Baba watoto, huyu mtoto anaichukia shule." Baba anajibu, "Samaki mkunje angali mbichi. Akizoea kubembelezwa, nani atambembeleza akiwa mkubwa?"

Nani ana haki? Wote wawili wameona jambo la kweli. Baba ameona kwamba maisha hayambembelezi mtu, na kwamba mtoto wa fundi hana shamba la kurithi wala mjomba ofisini. Elimu ndiyo urithi wake. Mama ameona kwamba mtoto anayeogopa hajifunzi, anakariri tu ili hofu ipite. Shida yao ni kwamba kila mmoja anaijibu hoja ya mwenzake kabla ya kuisikia.

Jaribuni hivi. Watoto wakiwa wamelala, zimeni redio na simu. Mume aulize, "Mama watoto, unaogopa nini hasa?" Kisha anyamaze hadi mke amalize. Halafu ayarudie kwa maneno yake yale aliyoyasikia, na mke aseme kama ndivyo. Baadaye wabadilishane. Mara nyingi mtagundua kwamba hofu haihusu shule tu. Baba anaweza kuwa anaogopa kwamba ndugu zake watamcheka, au kwamba karo itamshinda katikati ya mwaka na aaibike. Mama anaweza kuwa anakumbuka viboko alivyochapwa yeye mwenyewe. Mambo hayo yakisemwa, shule inarudi kuwa shule, nanyi mnaweza kuizungumzia.

Tena, mwangalieni mtoto wenu, si mtoto wa jirani. Kwa wiki mbili kila mmoja aandike anachokiona. Mtoto akiachwa peke yake hufanya nini kwa muda mrefu bila kuchoka? Akishindwa, hujaribu tena au huacha? Je, hupenda kuelekezwa hatua kwa hatua, au hukasirika akisaidiwa? Wako watoto wanaochanua wakiachiwa nafasi. Wako wengine ambao wanahitaji kwanza mtu wa kukaa karibu nao. Mtoto anayechelewa kusoma huenda haoni vizuri ubaoni au hasikii vizuri; mpelekeni akapimwe macho na masikio kabla ya kuilaumu shule yoyote.

4. NAMNA YA KUICHUNGUZA SHULE

Jina "Montessori" halina mwenyewe. Mtu yeyote anaweza kuliandika langoni. Kwa hiyo msinunue bango. Nendeni wote wawili, siku ya kawaida, si siku ya sherehe ya wazazi, na mwombe kukaa nyuma ya darasa asubuhi nzima. Shule inayowakatalia kabisa kuona darasa imekwisha kuwajibu. Mkiwa huko, angalieni na mwulize mambo haya:

Kwanza, je, watoto wanachagua kweli, au wote wanafanya kazi moja kwa wakati mmoja huku vifaa vizuri vimefungiwa kabatini vikingoja wageni?

Pili, mtoto aliyezubaa bila kufanya lolote, mwalimu anamfanyia nini? Mwalimu mwema humwachia muda kidogo, kisha humwendea kwa upole na kumwalika kwenye kazi. Asiyejua kazi yake ama humfokea, ama humsahau hadi saa ya kwenda nyumbani.

Tatu, mwalimu anajuaje mtoto amefika wapi? Mwombe akuonyeshe maandishi yake juu ya mtoto mmoja, bila kutaja jina. Pasipokuwa na mitihani ya kila mwezi, kumbukumbu za mwalimu ndizo mtihani. Kama hana kumbukumbu, hakuna anayejua lolote.

Nne, watoto wakigombana juu ya kifaa, inakuwaje? Hapo ndipo mtaiona nidhamu ya shule hiyo, baba.

Tano, walimu wamesajiliwa na TSC, na wamesomea njia hii wapi na kwa muda gani? Wamekaa hapo miaka mingapi? Shule inayobadilisha walimu kila muhula haiwezi kumjua mtoto wenu.

Sita, shule inaishia gredi gani, na waliotoka hapo wameenda wapi? Hili ni swali kubwa. Mwishoni mwa Gredi ya 9 mtoto hufanya tathmini ya taifa ya KJSEA, kisha huingia sekondari pevu. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Huko kuna njia tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na sayansi ya michezo. Ulizeni shule inamwandaaje mtoto kwa tathmini hiyo, na kama imesajiliwa. Ikijibu kwamba mambo ya mitihani si muhimu, mwulize ni nani atakayelipia kosa hilo. Ombeni namba za wazazi wawili ambao watoto wao wamekwisha kuhama hapo, mkawasikilize.

Saba, mtoto atajifunza sala na katekisimu wapi? Shule ikiwa si ya Kanisa, jibu ni: nyumbani na parokiani. Kubalianeni mapema ni nani atakayempeleka mafundisho.

5. HESABU MBELE YA MEZA MOJA

Andikeni kila kitu kwenye karatasi. Tuseme karo ni shilingi 45,000 kwa muhula. Kwa mihula 3 ni 135,000. Ongezeni gari la shule, tuseme 15,000 kwa muhula, yaani 45,000. Mmefika 180,000 kabla ya sare, chakula na safari za masomo. Sasa ulizeni swali linalosahaulika zaidi: wadogo wake je? Watoto 3 kwa gharama hiyo ni 540,000 kwa mwaka. Mkimpeleka kifungua mimba huko, na wadogo wake wakaenda kwingine kwa sababu pesa zimekwisha, mtakuwa mmepanda wivu nyumbani mwenu, na mtauvuna watoto wakiwa wakubwa.

Liko jambo ambalo linaharibu ndoa nyingi kuliko karo yenyewe, nalo ni siri. Mama anakopa katika chama na kulipa muhula wa kwanza bila kumwambia mume, akitumaini atakubali akiona matokeo. Au baba anasema amelipa, kumbe hajalipa, na mtoto anarudishwa nyumbani mbele ya wenzake. Mambo haya hayakai yamefichwa. Yakijulikana, mwenzako hatauliza tena kama shule ni nzuri. Atauliza ni mambo gani mengine ambayo hukumwambia. Ni afadhali mtoto asome shule ya kawaida katika nyumba yenye uaminifu kuliko asome shule bora katika nyumba yenye uongo.

6. MKISHINDWA KULIPA, HAMJASHINDWA KULEA

Mambo mengi yaliyo mema katika shule hizi hayauzwi. Mtoto wa miaka 4 anaweza kujivika, kukunja nguo zake, kuchambua maharagwe na kumenya ndizi. Mwonyesheni mara moja, polepole, kisha mwacheni afanye, hata akichelewa. Msiichukue kazi mikononi mwake kwa sababu mna haraka. Akiwauliza "kwa nini?", msimnyamazishe kila mara, mwulizeni, "Wewe unafikiri nini?" Mpeni kona yake na sanduku la vitabu vichache vya kwake. Mpeni kuku mmoja wa kutunza, au kitalu cha sukuma wiki. Akisahau kukimwagilia, mwacheni akione kikinyauka. Atajifunza wajibu kuliko kwa maneno mia.

Kazi hii ni ya baba pia. Mtoto anayekaa karibu na babake karakana ikifungwa, akipanga spana kutoka ndogo hadi kubwa, anafanya hesabu ileile ya ule mnara wa Roma.

7. KUAFIKIANA

Mkisha kusikilizana, kuchunguza na kuhesabu, amueni kwa mwaka mmoja, si kwa maisha yote. Andikeni ni nini mnachotarajia kukiona baada ya mihula 3: kwa mfano, anasoma hadithi fupi peke yake, anaenda shule bila kulia, anamaliza kazi aliyoianza. Mwisho wa mwaka kaeni tena na karatasi hiyo. Kama hayakutimia, kubadili shule si aibu, na asiwepo wa kusema, "Nilikwambia."

Mkisha kuamua, uamuzi ni wa wote wawili. Baba asimwambie mtoto, "Hiyo shule ya mamako." Mama asiwaambie dada zake, "Bwana yangu alikataa." Fahali wawili wakipigana nyasi ndizo huumia, na nyasi hapa ni mtoto wenu. Na msipoafikiana kabisa, msilazimishane. Mwacheni mtoto pale alipo kwa muhula mmoja, na mkazungumze na wanandoa wazee mnaowaheshimu katika jumuiya yenu ndogo ndogo, au na padre wenu.

MASWALI YA KUJADILIANA WAWILI

1. Ni kitu gani kimoja katika shule niliyosomea mimi ambacho nataka mtoto wetu akipate? Ni kipi sitaki kabisa akipate?

2. Je, nimewahi kumsikiliza mwenzangu hadi mwisho juu ya jambo hili?

3. Kuna pesa yoyote ya shule ambayo mwenzangu hajui habari zake?

4. Wiki hii ni kazi gani ya nyumbani tutakayomwachia mtoto aifanye mwenyewe, bila kumwingilia?

Kabla ya kulala, salini pamoja mkitaja jina la kila mtoto wenu mmoja mmoja. Na kesho, kabla ya kuzungumza na mwalimu mkuu yeyote, mwulizeni mtoto mwenyewe jambo gani lilimfurahisha shuleni. Mkae wote wawili, na mmsikilize.